Banda Momella, Hifadhi ya Arusha: watu 8, usiku 2. Tupange maji, gesi na saa za lango

Binti_Usa
Wakuu, salaam. Tuko wanane, watu wazima sita na watoto wawili wa miaka 7 na 10. Tunataka kulala bandani Momella Ijumaa na Jumamosi, mwezi wa saba, tutoke Jumapili. Kilele cha Meru hatukigusi. Tunataka kukaa chini ya mlima, tuzunguke maziwa, tutembee kidogo, tujipikie wenyewe. Gari ni Noah moja. Gesi tunayo. Maji ya kunywa tumepanga kuchemsha ya bomba tutakayoyakuta huko. Nisaidieni kwa vipimo kamili, maana neno "beba vya kutosha" halinisaidii sokoni.

Kisima_Kirefu
Dada, karibu. Naanza na hilo la maji, kwa sababu ndilo linaloharibu mpango wote.

Usichemshe maji ya huko ukadhani umeyatibu. Tatizo la maji ya eneo lote la Meru si vijidudu peke yake, ni floridi. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano, inayeyuka ndani ya maji, na moto hauiondoi. Tena kuchemsha kunaiongeza: lita 10 zenye floridi miligramu 4 kwa lita zikichemka hadi zikabaki 8, sasa una miligramu 5 kwa lita. Maji yamepungua, floridi imebaki ndani ya sufuria. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Dawa ya klorini haiiondoi. Chujio la mshumaa wa udongo haliiondoi. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaratibu wake (kazi ambayo imefanyiwa utafiti wa miaka mingi pale Ngurdoto), au mitambo ya kuchuja inayotumiwa na viwanda vya maji ya chupa. Vyote viwili si vitu vya kufanyia bandani.

Kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia yabebeni. Hesabu: lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja. Watu 8 ni lita 32 kwa siku. Mkiingia Ijumaa alasiri na kutoka Jumapili mchana, ni siku mbili na nusu, yaani lita 80. Ongeza 20 za akiba. Jumla lita 100, madumu matano ya lita 20. Maji ya bomba tumieni kuoga, kufulia na kuosha vyombo. Watoto wapigie mswaki maji mliyobeba.

Ukinunua maji ya chupa makubwa, soma lebo. Kuna mstari wa floridi. Ukipata chini ya 1, chukua.

Mkulima_wa_Ngarenanyuki
Kisima, heshima yako. Lakini huku watu wanaishi na wanakunywa. Siku tatu zitamfanya nini mtu? Msimtishe dada.

Kisima_Kirefu
Mkuu, swali la haki. Siku tatu za maji ya bomba hazimharibii mtu mzima meno. Madoa ya kahawia yanakuja mtoto akinywa maji hayo kwa miaka, wakati meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi, na mifupa inaumia kwa miaka mingi zaidi. Wanaoyanywa huku wanayanywa kwa kuwa hawana mengine, na wewe umeyaona meno ya watoto wetu. Mgeni mwenye gari na madumu hana sababu ya kuyanywa.

Hatari ya siku moja iko kwenye maziwa yenyewe. Katika maziwa ya Momella imewahi kupimwa floridi ya miligramu 690 kwa lita. Kikombe cha robo lita cha maji ya namna hiyo kina miligramu 170 na kidogo. Kwa mtoto wa kilo 20 hiyo ni zaidi ya miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito wake, na madaktari wanaanza kuhesabu sumu kwenye miligramu 5. Mtoto wa miaka 7 anayecheza ukingoni na kikombe cha plastiki ndiye wa kuangaliwa. Maji yanaonekana safi, yana utelezi kidogo vidoleni kama maji ya sabuni, hayo ni magadi.

Mkulima_wa_Ngarenanyuki
Hapo nimekuelewa. Na kuogelea pia wasithubutu. Momella Ndogo ina viboko.

Lango_Saa_Kumi
Mimi niseme kuhusu vibali na saa, maana familia nyingi zinalipa siku ya ziada bila kujua ilitoka wapi.

Kibali cha kuingia hifadhini ni cha saa 24 na kuingia mara moja. Saa inaanza kuhesabiwa mnapogonga muhuri langoni, si mnapofika bandani. Mkiingia lango la Ngongongare Ijumaa saa 3 asubuhi, vibali viwili vinakwisha Jumapili saa 3 asubuhi. Mtakuwa bado mnakunywa chai, na mnadaiwa kibali cha tatu kwa watu wote na gari. Mkiingia Ijumaa saa 8 mchana, mna hadi Jumapili saa 8 mchana. Asubuhi mbili kamili, chakula cha mchana kimeliwa, vyombo vimeoshwa. Kwa safari ya kulala mara mbili, kuingia saa 8 ni bora kuliko kuingia asubuhi.

Kosa la pili ni "kuingia mara moja". Chumvi ikisahaulika, mtu anachukua gari anakwenda Usa River kununua. Akirudi, hiyo ni safari mpya. Nunueni kila kitu kabla ya lango.

Malipo si ya fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, ndipo kibali kinachapwa. Banda linalipiwa peke yake, mbali na kiingilio. Lipieni banda mapema kabisa, kwa sababu mwezi wa saba ni msimu wa wageni na vitanda ni vichache. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa mkononi. Watoto wawe na cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Kama mna mgeni ambaye si raia wa Afrika Mashariki katika kundi, kiwango chake ni kingine na kinahesabiwa kwa dola, mjulisheni mapema asije akashtuka dirishani.

Njia: kutoka Arusha mnashika barabara ya Moshi, mnapita Tengeru, mnafika Usa River, mnaacha barabara kuu mkono wa kushoto kwenda Ngongongare. Hapo ndipo lango la kusini. Mkishaingia mnakwenda kaskazini ndani ya hifadhi hadi Momella, ambako ndiko yaliko makao, mabanda na viwanja vya mahema. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na mtapunguza zaidi ya hapo maana nyati wanavuka. Usiku hakuna kuendesha. Panga uwe Ngongongare saa 8 na bandani kabla ya saa 11 jioni, jua lingalipo, watoto wajue choo kiko wapi.

Binti_Usa
Asante sana, hilo la saa 8 sikulijua kabisa, tulipanga kuwahi asubuhi! Je, Noah itafika? Na gesi, mtungi wa kilo 6 unatosha?

Fundi_Jiko
Gesi niachieni. Jiko moja la kufunga juu ya mtungi, moto wa wastani, linakula gramu 150 hadi 160 kwa saa. Mkipika saa 4 kwa siku kwa siku tatu, ni saa 12, sawa na kilo 1.9. Maji ya kuoga: lita 10 kwa mtu, kuyatoa kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 40, gramu 40 na kidogo. Watu 8 mara mbili ni gramu 700 hivi. Jumla hamfiki kilo 3. Mtungi wa kilo 6 uliojaa unawabeba mara mbili.

Tatizo ni kwamba watu wanabeba mtungi "ambao una gesi", hawajui una kiasi gani. Angalia shingoni mwa mtungi, pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Weka kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi yako. Ikiwa chini ya kilo 3.5, jaza kabla ya kuondoka.

Kisha toa jiko, chungulia ndani ya tundu la mtungi. Kuna kipete cheusi cha mpira, kidogo kama pete ya mtoto. Kikipasuka, kikikauka au kikidondoka wakati wa kubadilisha mtungi, gesi inavuja pembeni hata ukikaza hadi mkono uume. Beba viwili vya akiba, bei yake ni ndogo mno. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Povu likivimba, zima, fungua, badilisha mpira. Usipime kwa kiberiti.

Sasa jambo ninaloomba mlichukue kwa uzito wote. Mwezi wa saba Momella kuna baridi, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, na ukungu unateremka mlimani. Mtu ataona vyema aingize jiko la mkaa bandani, afunge madirisha, watoto wapate joto. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, analala, haamki. Mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ndipo watu wanapouamini, na hapo ndipo unapoendelea kutoa hewa hiyo. Hata majivu yenye makaa machache yasilale ndani. Jiko la gesi nalo si la kuotea, likishamaliza kupika lizimwe na mlango ufunguliwe.

Joto la kulalia ni blanketi mbili kwa mtu, soksi kavu ambazo hazijavaliwa mchana, kofia ya sufu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo miguuni. Blanketi moja liwe chini, si yote juu, kwa sababu godoro jembamba linapitisha baridi ya sakafu. Ulizeni wakati wa kulipia kama banda lina matandiko.

Kuni msiokote. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi, hata tawi kavu.

Mama_Sufuria
Dada, chakula. Momella iko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa wali na ugali hutaona tofauti kubwa. Kwa maharage utaiona, yatakula gesi na muda. Kwa hiyo maharage yaiveni nyumbani, kilo moja na nusu makavu kwa watu wanane yanatoa milo miwili. Chemsha bila chumvi, poza, weka kwenye vyombo vyenye mfuniko, gandisha. Huko unaunga tu.

Wali: kilo 1 ya mchele kwa mlo mmoja wa watu wanane, watoto wakiwemo. Ugali: kilo 1 na robo ya sembe. Nyama kilo 2, ikatwe, itiwe tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, igandishwe Alhamisi usiku. Hiyo ni ya Ijumaa jioni na Jumamosi mchana, isingoje Jumapili. Jumapili pikeni dagaa au mayai. Mayai trei moja inatosha na inabaki. Mkate ukiisha, kilo 2 za unga wa ngano zinawapa chapati asubuhi zote mbili.

Barafu: msinunue ya mabonge. Gandisheni chupa sita za maji ya kunywa za lita moja na nusu, mzipange chini na pembeni mwa deli, nyama katikati. Zikiyeyuka mnakunywa. Zijazwe hadi mabegani tu, si hadi mdomoni, barafu inatanuka na chupa inapasuka.

Na msisahau mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Pakieni kwenye vikapu, ndoo zenye mfuniko na mifuko ya kitambaa. Ndoo ndiyo bora, kwa sababu nitakayoyasema sasa hivi.

Nyani na tumbili wa Momella wamezoea watu. Tumbili anaingia kwa dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kiganja. Nyani anavuta mlango usio na komeo. Ukiacha ndizi mezani ukaenda kuchota maji, utakuta maganda. Chakula chote kwenye ndoo, mfuniko umekazwa, ndoo ndani, dirisha limefungwa. Takataka nazo ndani, mnaondoka nazo. Na asiwepo mtoto wa kumpa nyani chakula mkononi, kwa sababu akishazoea kupewa, asipopewa anang'ata.

Askari_Mstaafu_wa_Mapori
Salaam kwenu. Mmeeleza vizuri. Naongeza la wanyama na matembezi.

Mnyama wa kuogopa pale ni nyati. Usiku wanakuja kula majani kati ya mabanda, kwa kuwa nyasi ni fupi na wanaona mbali. Hawapigi kelele. Kabla mtu hajatoka kwenda choo cha nje, asimame mlangoni, awashe tochi yenye nguvu, azungushe mwanga polepole kushoto kwenda kulia kwa usawa wa kiuno. Macho yakirudisha mwanga, funga mlango, subiri. Mtoto asitoke peke yake, na kwa watoto wenu wawili ningeweka ndoo ya usiku ndani, yaishe. Taa ya simu haitoshi, inamulika hatua tano tu.

Matembezi ya miguu ni lazima muwe na askari mwenye silaha. Mnamwomba ofisini Momella jioni ya siku iliyotangulia, si asubuhi ileile, maana askari hugawanywa mapema na wapanda Meru wanawachukua wengi. Anzeni saa 1 na nusu asubuhi. Mlima huwa wazi asubuhi, kufika saa 4 au 5 wingu limeshaufunika, na mwezi wa saba unaweza usiuone tena hadi jioni. Kilimanjaro nayo inaonekana ng'ambo ya maziwa alfajiri na jua likizama, mchana sahau.

Umri wa watoto ulizeni siku mnapolipia banda. Matembezi na mitumbwi vina masharti ya umri, msije mkawaahidi watoto halafu wakalia langoni. Wakikataliwa, gaweni kundi: wanne wanakwenda na askari kwenye maporomoko ya Tululusia, wawili wanabaki na watoto kwenye gari wanazunguka maziwa. Mchana mnabadilishana.

Binti_Usa
Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa hilo la ndoo, mdogo ndiye alikuwa ananitia wasiwasi. Maziwa yenyewe tuyazunguke vipi, tuanzie wapi?

Askari_Mstaafu_wa_Mapori
Marahaba mwanangu. Maziwa ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Hayana mto wa maana unaoyajaza, yanalishwa na maji ya chini ya ardhi. Kila moja lina kiwango chake cha madini, ndiyo maana mwani wake ni tofauti na rangi ni tofauti, moja kijani, la pili buluu, na ndege wanachagua. Heroe (flamingo) wanakwenda kule mwani wanaokula ulikostawi, na wanahama. Leo wamejaa Momella Kubwa, mwezi ujao wako kwingine. Msipange safari nzima kwa ajili yao, ulizeni askari langoni ziwa gani linao wiki hiyo.

Zungukeni Jumamosi jioni kuanzia saa 9 na nusu. Jua linakuwa nyuma yenu mkitazama mashariki, na waterbaki, yaani kuro, na twiga wanashuka. Katika gari msishuke ila penye alama ya kushukia. Kwenye vilele vya kuangalia pameruhusiwa, wapeni watoto darubini hapo.

Ngurdoto ibakizeni Jumapili, iko njiani mkitoka. Ni shimo la volkano lenye upana wa kilomita 3 hivi, mnatembea ukingoni tu, chini hakushukwi na mtu. Mbega weusi kwa weupe wako kwenye msitu wa kupandia. Zimeni injini, tulieni dakika tano, mtaona mkia mweupe ukining'inia kabla hamjamwona mwenyewe. Hesabuni saa moja na nusu pale, halafu dakika za kufika lango, mkikumbuka ile saa 8 yenu.

Lango_Saa_Kumi
Kuhusu Noah. Barabara kuu ya Ngongongare hadi Momella inapitika kiangazi, magari ya abiria ya Ngarenanyuki hupita njia hiyo. Njia za pembeni za maziwa, nyingi zinapitika zikiwa kavu. Ya kupanda Kitoto, kule juu mlimani kwenye mkuyu wenye tao, hiyo acheni, ni ya gari ya 4x4. Ikinyesha hata nusu saa, ule udongo wa majivu unakuwa kama sabuni na Noah itakwenda ubavu. Hapo subirini saa mbili jua likaushe, msilazimishe.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni uzito. Watu wanane ndio viti vyote. Lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza mtungi, deli, blanketi kumi na sita. Noah itakaa chini na itagonga kila jiwe.

Binti_Usa
Basi tufanye hivi: shemeji aje na pikapu yake ndogo, tupakie maji na mizigo huko, Noah ibebe watu tu. Gari mbili tutalipia. Nimeandika: madumu 5, mtungi umepimwa, mipira 2 ya akiba, ndoo 3 za chakula, ndoo 1 ya usiku, tochi 3 kubwa, blanketi 16, kuingia saa 8, askari aombwe Ijumaa jioni. Nimesahau nini?

Fundi_Jiko
Kiberiti pakiti mbili, kimoja ndani ya chupa kavu. Sufuria ya lita 10 ya maji ya kuoga, msitumie ile ya chakula, maji ya bomba ya kule yanaacha utando mweupe. Na mtungi usafiri wima, umefungwa kamba kwenye pikapu, jiko limetolewa.

Kisima_Kirefu
Madumu yapange mbele ya bodi la pikapu, nyuma ya dereva, yasiwe mwisho kabisa, mlima wa Ngongongare usije ukanyanyua pua ya gari. Kila mfuniko weka kipande cha nailoni chini yake ndipo ukaze, mifuniko ya madumu ya zamani ya mafuta huvuja gari likiruka. Na yaoshwe Jumatano kwa maji moto na sabuni, yakauke mdomo ukiwa chini, yajazwe Ijumaa asubuhi. Dumu moja la akiba liandike kwa kalamu ya wino "WATOTO", lisiguswe hadi Jumapili.